Kila Kinachojirudia

Agizo lilikuwa langu. Nalikiri mapema ili msomaji asijichoshe kumtafuta mkosaji mwingine. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha mbele cha nyumba ya mwanangu, sare za shule za wajukuu zimeanikwa dirishani, kikombe cha chai kikipoa mkononi mwangu, nikatamka kwa akili zangu timamu: "Kila kinachojirudia kifutwe."

Mkamwana wangu, ambaye ndiye fundi wa kompyuta katika ukoo wetu na aliyejitolea kuutengeneza upya ukumbi wetu wa mtandaoni, aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Kila kinachojirudia, Baba? Una hakika?"

"Mwanangu, sijawahi kuwa na hakika kama leo."

Hakika hiyo ilikuwa na sababu zake. Ukumbi wetu ni wa watunzi wa mashairi. Tuliuanzisha watu wawili miaka kumi na mmoja iliyopita: mimi, karani wa mahakama niliyestaafu, na rafiki yangu wa tangu chuo cha Kurani utotoni, fundi cherehani ambaye sote humwita Fundi, niliyesoma naye juzuu moja kwa kupokezana kwa sababu ya pili ililiwa na mchwa. Mtu hutoa shairi pale, mwenziwe akamjibu kwa bahari ileile, na wasomaji wakaitikia. Wanachama wamefika mia tatu na arobaini, na msimamizi ni mmoja, nami ndiye.

Usimamizi huo ulikuwa umenifikisha mahali ambapo kila nikiisikia simu inalia, moyo wangu hunung'unika kabla ya mkono kuinuka. Walikuwapo wauza dawa za kuotesha nywele. Walikuwapo wauza pete za bahati. Alikuwapo mtu mmoja, Mungu amwongoe, mwenye mafuta ya kunyoosha migongo, ambaye asubuhi moja alibandika tangazo lilelile mara tisini chini ya shairi la subira. Nikayafuta moja moja kwa kidole gumba, tisini, na nilipofika la themanini na nane subira yote iliyoelezwa katika shairi lile ilikuwa imenitoka.

Kisha kulikuwa na Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, mwanachama wa tangu mwanzo, mtu mwema, msomi, na msumbufu kuliko mafuta ya mgongo. Tuliweka kitufe cha lalamiko ili mtu akitukanwa akibonyeze. Mwalimu hakuwahi kutukanwa na mtu. Alikibonyeza kila alipoona mshororo uliopungua mizani. "Ubeti wa pili, mshororo wa tatu, mizani saba badala ya nane. Hatua zichukuliwe." Wiki moja alileta malalamiko sabini na matatu. Nilimpigia simu kumweleza kwamba kitufe kile ni cha matusi.

"Na mizani saba si tusi?" akaniuliza.

Ndiyo maana mkamwana wangu aliponiambia kwamba angeweza kuutengeneza ukumbi, nilimwombea dua mlangoni kabla ya kuvua viatu. Alifanya mengi, na mengi yalikuwa mazuri. Aliyakuza maandishi ili wazee wasome bila kukunja nyuso. Aliweka mahali pa kurekodi sauti kwa wale wanaosema shairi lisilosomwa kwa sauti ni maiti. Aligawa kitufe cha lalamiko kikawa viwili, kimoja cha matusi na kimoja cha mizani.

"Cha matusi kinakuja kwangu," nikasema. "Na cha mizani kinakwenda kwa nani?"

"Kwa Mwalimu mwenyewe, Baba."

Siku hiyo nilicheka hadi chai ikanipalia. Katika furaha ile ndipo akanionyesha mlinzi. Mlinzi si mtu. Ni mtambo wa kampuni inayotuhifadhia ukumbi, nao hukesha ukisoma kila kipya kinachoandikwa na kukiondoa kisichofaa. Anachotaka ni kuambiwa tu kisichofaa ni kipi. Nikakumbuka tangazo lililobandikwa mara tisini, nikatoa lile agizo langu. Mkamwana akaandika: mstari wowote ukitokea mara tatu katika maandishi ya mtu mmoja, uondolewe pamoja na maandishi hayo. Mtu akiondolewa mara tatu, afungiwe. Akishafungiwa, baada ya siku tatu kila alichowahi kuandika kifutwe moja kwa moja. Hayo mawili ya mwisho yalikuwa masharti ya kampuni, marefu kama mkeka wa msikitini, nayo yaliletwa mbele yangu kwenye kioo. Kwa miaka thelathini na miwili nimewaambia watu dirishani, "Usitie saini usichokisoma." Nikabonyeza "Nakubali."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne ukumbi ulitulia. Hakuna nywele, hakuna pete, hakuna migongo. Nilifungua ukumbi baada ya Adhuhuri nikaukuta kimya, nikafungua tena baada ya Alasiri, kimya. Nilidhani watu wanatafakari. Nikaandika kwa nathari fupi, kama msimamizi: "Nawapongeza kwa utulivu huu. Endeleeni hivi hivi." Leo nikiyakumbuka maneno hayo hutamani kuuzamisha uso wangu ndani ya birika la udhu.

Na ni lazima niseme kwamba wakati ule mimi na Fundi tulikuwa katikati ya malumbano. Yeye alikuwa akiitetea sindano, nami kalamu, na wanachama walikuwa wakishangilia kama watoto. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amenitupia ubeti huu:

Nakuuliza karani, jibu nipe chapuchapu,
Ulipozawa nyumbani, walikuvisha makapu?
Na ukenda kaburini, utavikwa hati tupu?
Kalamu yaacha doa, sindano yaacha vazi.

Siku nne nilikuwa sijamjibu. Nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba nanoa maneno. Ukweli, ambao Fundi aliujua na mke wangu aliujua, ni kwamba ubeti ule ulikuwa umenikaa kooni.

Jumatano, katika Magharibi, Fundi hakusimama kando yangu. Tangu chuoni tumesimama bega kwa bega katika safu. Siku hiyo alikwenda safu ya mwisho, karibu na makabati ya viatu, na baada ya salamu alitoka bila kumtazama mtu. Alhamisi nilimpigia simu mara sita, hakuipokea. Mke wangu alirudi dukani akaniambia, "Umemfanya nini Fundi? Nimemwamkia, akanijibu vizuri sana, kisha akasema, 'Msalimie Msimamizi.' Si jina lako, si 'mzee wako'. Msimamizi."

"Labda anatania."

"Mtu anayetania hucheka," akasema, akaingia jikoni.

Ijumaa saa nne asubuhi mkamwana alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja chombo cha mwenyewe na sasa anamwita mwenyewe aje akione. Nilipofika alinigeuzia kompyuta. Orodha ya vilivyoondolewa na mlinzi ilikuwa na maandishi mia mbili na kumi na mawili.

"Matangazo mia mbili!" nikasema. "Mashaallah."

"Baba, matangazo ni kumi na moja. Hebu nisomee hili."

Nikasoma. Lilikuwa shairi la mwanachama mmoja kuhusu mvua. Nikasoma la pili, la kumsifu daktari. La tatu lilikuwa la Fundi, beti tano za kunidai jibu. Mkamwana aliweka kidole kwenye kioo, ubeti baada ya ubeti, chini kabisa ya kila mmoja.

"Hiki cha mwisho kinachorudi kila mara ni nini?"

"Ni kibwagizo."

"Na mashairi yote yanacho?"

"Karibu yote. Ndicho wasomaji wanachoitikia. Shairi bila kibwagizo ni..."

"Na ulijua kwamba kinarudi?"

"Mwanangu, nimekijua kwa miaka sitini."

Akasema kwa upole uliouma kuliko kemeo, "Mimi nilikuuliza, Baba."

Nilimwambia amzime mlinzi mara moja. Akatikisa kichwa. Mlinzi akizimwa wakati amemfungia mtu, alisema, humwaga kila alichokishika, kama mtu anayefukuzwa kazi akaangusha trei nzima. Kwanza lazima aliyefungiwa afunguliwe. Na aliyefungiwa ni mmoja tu. Fundi aliliweka shairi lake Jumanne, likaondolewa. Akaliweka tena, likaondolewa. Akaliweka mara ya tatu, ukaidi ni wake tangu utotoni, akafungiwa saa kumi alasiri.

"Na siku tatu zinaisha lini?"

"Leo saa kumi."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Si kwa ajili ya malumbano. Miaka mitano iliyopita Fundi alifiwa na mkewe. Kwa siku arobaini na moja, kila baada ya Alfajiri, aliandika ubeti mmoja wa maombolezo kwenye simu yake na kuuweka ukumbini, nasi tukaitikia. Hakuandika penginepo. Aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba alizitunga beti zile akiwa si mzima wa akili, hakumbuki hata moja ila kibwagizo, na kwamba hajapata moyo wa kuzifungua tena. "Lakini najua zipo," alisema. "Siku nikiweza, zipo."

"Wewe na mimi hatuwezi kuziona?" nilimuuliza mkamwana. "Tuzinakili?"

"Zimefungwa kwa kila mtu. Kampuni itatuma namba ya tarakimu sita kwenye simu yake. Akinisomea namba hiyo kabla ya saa kumi, nafungua kila kitu. Asiponisomea, siwezi."

Nilikwenda karakana yake saa tano nikakuta komeo. Nilingoja mlangoni zaidi ya saa moja, kumbe alikuwa ametangulia msikitini. Nilifika wakati imamu amekwisha kupanda mimbari, na mtu hasemi neno hotuba ikiendelea, hata awe na moto katika kanzu. Hotuba ilihusu kuzuia hasira. Ilikuwa ndefu. Sala ilipokwisha niliinuka mbio kadiri magoti yanavyoruhusu, nikamwona Fundi anatokea mlango wa pili, viatu mkononi, hata hakuvivaa.

Saa nane na nusu, baada ya kumtafuta mitaani, nilimkuta karakana. Ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ya kukatia, na kamba yenye suruali za watu zilizobandikwa vipande vya karatasi. Alikuwa akipinda upindo wa pazia. Hakusimamisha gurudumu.

"Assalaam alaykum, Fundi."

"Waalaykum salaam, Msimamizi. Kama umeleta nguo, weka pale. Kama umeleta maneno, mimi maneno yangu hayana manufaa kwa jamii."

"Maneno gani hayo?"

Alitoa simu mfukoni, akainyoosha mkono wote, akasoma kama anayesoma hukumu: "'Maandishi yako yameondolewa na Msimamizi kwa kuwa yanajirudia na hayana manufaa kwa jamii.' Mara tatu. Na msimamizi katika ukumbi ule tunamjua. Hatuna wawili."

"Fundi, huo ni mtambo. Unajiita kwa cheo changu. Mimi sikuandika hayo."

"Na 'Nawapongeza kwa utulivu' ni mtambo pia?"

"Hayo ni yangu," nikakiri.

"Siku nne nakudai jibu, huna. Ya tano umenifuta, kisha umewapongeza watu kwa utulivu. Karani, ungesema tu, 'Ndugu yangu, nimeshindwa.' Ningekushonea kanzu ya pole."

"Mimi sijashindwa."

"Basi jibu liko wapi?"

Nilimweleza yote, agizo langu na masharti niliyoyakubali bila kuyasoma. Nilimweleza kuhusu saa kumi. Nilipomtaja mkewe, mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Zimefutwa," akasema.

"Bado. Zipo mpaka saa kumi. Kampuni imekutumia namba. Nisomee namba hiyo, mkamwana wangu yuko kwenye simu anangoja."

"Namba."

"Ya tarakimu sita."

"Karani," alisema taratibu, akivua subana ya kushonea kidoleni, "kila siku redio inatuambia: mtu akikuomba namba iliyoingia kwenye simu yako, huyo ni mwizi, mkimbie. Mpwa wangu alimsomea mtu namba, mpaka leo anajuta. Sasa wewe umenifungia, umenitukana kwa maandishi, umeninyima hata majibu, halafu unakuja na namba."

"Umenijua miaka sitini! Nikuibie nini, pindo za pazia?"

"Ningekwambia wiki iliyopita kwamba utanifuta, ungekubali?"

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika kumi. Naapa, katika miaka yangu mahakamani nimeona mashahidi wakaidi, lakini hakuna aliyekuwa na ukaidi uliopigwa pasi namna ile. Niliomba, nikakemea, nikaapa. Alirudi kwenye pazia lake. Nilimpa simu yangu azungumze na mkamwana, akazungumza naye kwa adabu zote, "Shikamoo yako nimeipokea, binti yangu, watoto hawajambo?" kisha akanirudishia bila kusoma chochote. Kwa hasira nilimwambia kwamba mtu mwenye akili asingeacha beti za mkewe zipotee kwa sababu ya kiburi.

Gurudumu likasimama.

"Nani ameziweka hatarini?" akauliza. "Jibu hilo bila kibwagizo."

Nilikaa juu ya kiti cha wateja. Nilikuwa na jibu la ubeti wake, kwa kweli. Nilikuwa nimelikamilisha usiku wa kuamkia jana, beti tatu, na sikulituma kwa sababu halikunitosha. Sijui kilichonisukuma, labda ni kukosa la kufanya. Nilitoa simu nikamwambia, "Ulitaka jibu. Hili hapa. Nalituma mbele yako."

"Wazo jema. Soma kwanza."

Nikamsomea. Sikusoma kwa sauti ya fahari. Kibwagizo changu kilikuwa: *Vazi laliwa na mende, neno hukaa daima.* Nilipokisoma mara ya kwanza alibetua mdomo. Mara ya pili alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepima kitambaa kwa vidole na kukiona si kibaya. Mara ya tatu akasema, "Tuma."

Nikatuma. Shairi likatokea ukumbini, herufi kubwa, nzuri. Nikamshikia simu alione. Alikuwa bado anatafuta umbali wa kuyaona maandishi lilipotoweka. Mahali pake pakatokea maneno, naye akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata:

"'Maandishi yako... yameondolewa... na Msimamizi... kwa kuwa yanajirudia... na hayana manufaa kwa jamii.'"

Alinitazama. Akaitazama simu. Akanitazama tena.

"Umejifuta mwenyewe," akasema.

"Ndivyo ninavyokueleza tangu saa nane na nusu!"

"Neno hukaa daima," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika. "Karani, neno lako halikumaliza hata dakika! Mende angelimaliza kwa siku mbili, wewe..." Hakuweza kuendelea. Alicheka mpaka akashika meza ya kukatia, mpaka mwenye duka la jirani akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiitazama saa: tisa na dakika ishirini na tano.

"Namba, Fundi. Nakusihi kwa haki ya Mola wetu."

Alijifuta macho kwa ncha ya pazia la mteja. "Mpigie binti yangu."

Nilimpigia, nikaweka sauti ya nje. Fundi aliutafuta ujumbe. Akapitia ujumbe wa kampuni ya maji, wa mpwa wake, wa mtu wa mafuta ya mgongo, ambaye kumbe alikuwa na namba yake. Hatimaye akaupata, akakohoa, akasema kwa sauti ya hotuba:

"Laki nne, elfu mbili, mia tisa na kumi na saba."

Mkamwana akajibu upande wa pili: "Mzee wangu, nisomee moja moja."

"Moja moja vipi? Ni namba moja."

"Tarakimu, mzee. Ya kwanza?"

"Laki nne."

"Nne!" nikapiga kelele. "Sema nne! Nne, sifuri, mbili, tisa, moja, saba!"

"Usinipigie kelele katika karakana yangu," akasema Fundi. "Binti yangu, amesema kweli. Nne, sifuri, mbili, tisa, moja, saba."

Tulisikia vidole vyake kwenye kibodi. Tukasikia mtoto akiuliza kitu na kuambiwa angoje. Muda huo ulikuwa mfupi, lakini niliweza kuzisoma aya zote ninazozijua za kuondoa dhiki, nikazirudia.

"Zimefunguka," akasema mkamwana. "Zote ziko. Namzima mlinzi sasa, na simwashi tena mpaka Baba aketi nami tuandike upya kisichofaa ni kipi. Kwa maandishi. Na atasoma kabla ya kubonyeza."

"Atasoma," akasema Fundi. "Nitakuwapo."

Nilisimama nikiwa na haraka ya kutoka, kwa maana kichwa kilikuwa kikiniuma na nilitamani kivuli na ukimya. Fundi aliniita. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani ya kukanyaga, simu mikononi, na uso wake haukuwa tena uso wa kicheko. Alikuwa amefungua yale maombolezo. Aliyatazama kwa muda bila kuyagusa.

"Nisomee wewe," akasema. "Ubeti mmoja tu. Wowote."

Nikachukua simu nikasoma ule uliokuwa mbele:

Uzi nimetunga mwingi, cherehani imekaa,
Kabatini nguo nyingi, ni nani atazivaa,
Vitambaa vyenye rangi, kwa vumbi vimechakaa,
Nyumba i wazi mlango, hapana aingiaye.

Alisikiliza akitazama chini. "Sikumbuki kuuandika," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Mizani imetimia."

"Imetimia."

Alifungua mtoto wa meza, akasogeza chaki na vifungo, akatoa daftari la vipimo vya wateja ambalo nusu yake ilikuwa haijaandikwa. Akalipindua, akalifungua kwa nyuma, akaliweka juu ya meza ya kukatia. Juu yake akaweka kalamu.

"Wewe si mtu wa kalamu? Siku nne umeisifu. Keti. Sitaki tena kitu changu kikae mahali pamoja, tena mahali ambapo wewe ndiwe mlinzi."

"Zote? Leo?"

"Alasiri tutaswali hapa hapa, mkeka upo. Kisha utaendelea."

Niliketi nikaandika ubeti wa kwanza kwa mwandiko wangu wa mahakamani, ulionyooka, kila herufi na haki yake. Ubeti wa pili niliandika mishororo mitatu, na mahali pa kibwagizo nikatia nukta tatu, kama wanakili wote wafanyavyo tangu zamani, kwa kuwa kila msomaji anakijua.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nini hizo?"

"Nukta. Kibwagizo ni kilekile, Fundi. Nimekiandika juu."

"Futa."

"Ni desturi ya..."

"Futa nukta. Kiandike. Kila mara nilikisema chote, sikusema nukta."

Nikazikata nukta, nikaandika: Nyumba i wazi mlango, hapana aingiaye. Nikaandika ubeti wa tatu, nikaandika tena. Ubeti wa nne, tena. Tuliswali Alasiri kati ya suruali za watu, yeye akiwa imamu, na ni mara ya kwanza tangu Jumatano kusimama kando yake. Tukarudi mezani. Cherehani ililia, kisha ikanyamaza, kisha ikalia. Kila nilipofika mwishoni mwa ubeti, gurudumu lilinyamaza, naye akakitamka kibwagizo polepole bila kugeuka, nami nikakiandika.

Kufikia ubeti wa kumi na tisa kidole changu cha kati kilikuwa kimevimba na shingo imekakamaa. Nilimwambia kwamba nimechoka, kwamba mimi ni mzee, na kwamba hata mahakamani palikuwa na mapumziko ya chai.

"Zimebaki ishirini na mbili," akasema Fundi, akitunga uzi. "Endelea. Nakuitikia."